Walinzi wa Ahadi: Wananchi na Ufuatiliaji wa Miradi baada ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira

Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo katika maandishi ya serikali ya Tanzania hufupishwa kuwa TAM, ni uchunguzi unaofanywa kabla mradi haujaanza, ili yajulikane mapema madhara ambayo bwawa, mgodi, bandari au kiwanda kinaweza kuyaleta kwa ardhi, maji, hewa, viumbe na maisha ya watu, na zielezwe hatua zitakazochukuliwa kuyazuia au kuyapunguza. Kwa hiyo ripoti ya tathmini hubeba mambo mawili, yaani ubashiri wa yale yatakayotokea na ahadi za mwenye mradi juu ya yale atakayoyafanya. Ubashiri unaweza kukosea, na ahadi inaweza kuvunjwa; ndiyo maana wataalamu wa fani hii husema kwamba kazi haiishii kwenye cheti, bali huendelea katika ufuatiliaji, yaani upimaji unaorudiwa kwa vipindi ili hali inayotokea ilinganishwe na hali ya awali, na katika ukaguzi, yaani uchunguzi wa kina unaofanywa mara kwa mara ili kuthibitisha kama masharti ya kibali yanatekelezwa. Historia ya zaidi ya nusu karne ya tathmini inaonyesha kwamba wananchi walikaribishwa mapema katika hatua ya kutoa maoni, kisha wakaachwa nje mara kibali kilipotolewa. Na pale walipoipata nafasi ya kufuatilia, mara nyingi waliipata kwa sababu ya maafa, kesi mahakamani au msimamo wao wenyewe, na si kwa sababu waliotunga sheria walikuwa wamewaandalia.

Hasara ya kupanga bila kuwasikiliza wenyeji ilikuwa imeonekana Afrika Mashariki hata kabla tathmini haijawa sheria popote duniani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango mkubwa wa kilimo cha karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kupikia uliofuata Vita Kuu ya Pili. Mvua za Ugogo, nchi ya Wagogo iliko Kongwa, hazikutosheleza zao hilo, na udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulikauka na kuwa mgumu kiasi kwamba ilishindikana kuzing'oa karanga kwa mashine. Wagogo, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wamepanga ufugaji na kilimo chao kwa kuzingatia ukame wa nchi ile, hawakuwa na nafasi yoyote katika maamuzi. Mapema mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za Uingereza. Elimu iliyokosekana makao makuu ya mpango ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiyaangalia matrekta yakipita mashambani mwao.

Sheria ya kwanza ya kitaifa kuweka sharti la tathmini ilikuwa ya Marekani, iliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1969 na kutiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 1 Januari 1970. Sheria hiyo ilizilazimisha idara za serikali kuu kuandika taarifa ya athari kabla ya kutekeleza au kuidhinisha jambo kubwa lenye kugusa mazingira, na utaratibu uliofuata ukawapa wananchi haki ya kuisoma rasimu na kuitolea maoni. Haikuweka, hata hivyo, wajibu ulio wazi wa kurudi eneo la mradi miaka michache baadaye ili kuangalia kama yaliyoandikwa yametimia. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu eneo la michezo ya theluji katika bonde la Methow, jimbo la Washington, ilitamka kwamba sheria hiyo inadai utaratibu wa kufikiri kabla ya kutenda, lakini haidai kwamba hatua za kupunguza madhara zilizotajwa katika taarifa ziwe zimekamilishwa na kutekelezwa. Mataifa mengi yaliyoiga mfano huo yalirithi pia upungufu wake, kwa kuwa yalichukua mlango wa kuingilia bila kujenga njia ya kufuata.

Kilichotokea Alaska mwaka huohuo wa 1989 kilionyesha gharama ya upungufu huo kwa namna isiyoweza kufichika. Bomba la mafuta linalotoka pwani ya kaskazini ya Alaska hadi bandari ya Valdez lilifanyiwa tathmini iliyokamilika mwaka 1972, na wavuvi wa mji wa Cordova, ambao walitegemea samaki wa ghuba ya Prince William, walipinga mahakamani mafuta kusafirishwa kwa meli kupitia maji yao. Katika mjadala huo waziri aliyehusika, Rogers Morton, aliliambia Bunge kwamba meli mpya za Marekani zitakazobeba mafuta kutoka Valdez zitatakiwa kuwa na sakafu mbili, ili ya nje ikipasuka, mafuta yasimwagike. Mwaka 1973 Bunge liliidhinisha bomba na kufunga mlango wa kesi zaidi, na ahadi ya sakafu mbili ikaachwa ififie bila chombo chochote cha wananchi chenye mamlaka ya kuuliza imefikia wapi. Usiku wa tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez, iliyokuwa na ubavu wa tabaka moja tu, bila sakafu ya pili, iligonga mwamba na kumwaga zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi katika maji yaleyale.

Baada ya maafa hayo wakazi wa eneo hilo hawakuridhika na fidia pekee, bali walidai nafasi ya kudumu ya kusimamia. Walichukua mfano kutoka Sullom Voe, bandari ya mafuta katika visiwa vya Shetland, Uskoti, ambako serikali ya mitaa na wakazi walikuwa na sauti katika uangalizi, na mwaka 1989 likaundwa baraza la ushauri la wananchi linalowakilisha miji, wavuvi, wenyeji wa asili na watetezi wa mazingira. Sheria ya Uchafuzi wa Mafuta ya mwaka 1990 ililipa baraza hilo msingi wa kisheria, huku mkataba na kampuni ya bomba ukiilazimisha kampuni kuligharimia kila mwaka bila kuwa na mamlaka juu ya kazi zake. Hapo ndipo lilipo jambo jipya katika historia hii: fedha zilitoka kwa mwenye mradi, lakini uchaguzi wa wajumbe, wa wataalamu wa kuajiri na wa masuala ya kuchunguza ulibaki kwa wananchi. Sheria hiyohiyo ya 1990 ilianza kuondoa kwa awamu meli za ubavu mmoja, na hivyo ahadi ya mwaka 1972 ikatimizwa baada ya gharama ambayo ingeweza kuepukwa.

Tanzania nayo ilipata somo lake katika korongo la mto Kihansi, unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini, wenye uwezo wa megawati 180, uligharimiwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wa Ulaya, ukajengwa katika miaka ya 1990. Tathmini ya awali haikulichunguza vya kutosha korongo lililo chini ya bwawa, ambalo lingepoteza sehemu kubwa ya maji yake. Uchunguzi wa kiikolojia uliofanywa wakati ujenzi ukiendelea ndio uliogundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya manjano, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na anayeishi katika eneo la hekta chache tu la majani yaliyoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Sayansi ilimpa jina lake mwaka 1999, wakati mitambo ilikuwa karibu kuanza kufanya kazi. Maji yalipoelekezwa kwenye mashine, mtiririko wa korongoni ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90 na manyunyu yakakatika.

Hatua zilizofuata zilikuwa za dharura. Mabomba yenye vinyunyizio yaliwekwa korongoni ili kuiga manyunyu ya asili, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili wazalishwe katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki korongoni iliporomoka, huku ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ukigunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vikaanza kurudishwa. Kihansi inathibitisha kwamba ufuatiliaji hugundua yale ambayo tathmini haikuyaona. Lakini inathibitisha pia udhaifu wa ufuatiliaji unaokuja kwa kuchelewa na unaobaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wataalamu wa kuja na kuondoka. Muda wote huo hapakuwa na utaratibu uliokwishazoeleka wa kuwashirikisha wanavijiji wa bonde hilo tangu mwanzo kama waangalizi wa mto wao, wenye daftari lao la kumbukumbu na mahali pa kulipeleka.

Sheria za Afrika Mashariki zilizofuata zilijaribu kuziba sehemu ya pengo hilo. Azimio la Rio la mwaka 1992 lilikuwa limetangaza, katika kanuni yake ya 10, kwamba masuala ya mazingira hushughulikiwa vyema zaidi wananchi wote wanaohusika wakishiriki, wakipata taarifa na wakiweza kwenda mahakamani. Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, ambayo vifungu vyake vya 68 na 69 viliweka ukaguzi na ufuatiliaji chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Na kanuni za mwaka 2003 zikamruhusu mwananchi yeyote mwenye sababu za msingi kuiomba mamlaka hiyo iamuru mradi fulani ukaguliwe. Tanzania, ambayo tangu mwaka 1983 ilikuwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lililoanza kama chombo cha ushauri, ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, ikalipa baraza hilo meno na kutambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, mtaa na kitongoji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi, kwa kusema katika ibara ya 70 kwamba anayelalamikia uharibifu wa mazingira halazimiki kuonyesha kuwa yeye au mtu mwingine amepata hasara.

Hata hivyo, kati ya haki iliyoandikwa na haki inayotumika kuna umbali, na umbali huo ulipimwa kwa uchungu katika kitongoji cha Owino Uhuru, Jomvu, kaunti ya Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi kilianza kazi kikiwa kimepakana na nyumba za wakazi, bila tathmini kufanywa kwanza kama sheria ilivyotaka. Risasi ni metali ambayo ikiingia mwilini huharibu mishipa ya fahamu, figo na damu, na huwadhuru zaidi watoto ambao miili na akili zao bado zinakua. Lakini vumbi lake halina rangi wala harufu ya pekee ya kumwonya mama anayeanika nguo au mtoto anayecheza chini. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, alipewa kazi ya kushughulikia ripoti ya mazingira, na alipoona kwamba ushauri wa kukihamisha kiwanda hausikilizwi, na mtoto wake mchanga akapatikana na sumu ya risasi, aliondoka na kuungana na wakazi.

Kazi waliyoifanya watu wa Owino Uhuru, ikitazamwa kwa jicho la mwanahistoria, ni ufuatiliaji kamili uliofanywa na watu wasiokuwa na cheo wala bajeti. Walipeleka watoto kupimwa damu, wakatunza majibu ya maabara, wakaandika barua kwa ofisi mbalimbali, wakaandamana, na wakalinganisha wenyewe kilichoandikwa kwenye vibali na kilichokuwa kikitoka kwenye mabomba na bomba la moshi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaitwisha NEMA sehemu ya lawama hiyo pamoja na wizara na kampuni zilizohusika. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba 2024. Jambo la kudumu katika hukumu hiyo ni kwamba msimamizi aliyetoa au kuvumilia kibali bila kufuatilia anahesabiwa kuwa mshiriki wa madhara, wala si mtazamaji wake. Miaka ambayo kesi ilichukua, ambamo watoto waliopimwa walikua wakiwa na risasi mwilini, inaonyesha kwa nini mahakama haiwezi kuwa mbadala wa ufuatiliaji wa mapema.

Kaskazini zaidi katika pwani hiyohiyo, Lamu ilitoa sura nyingine ya suala hili. Mradi wa LAPSSET, unaokusudia kuunganisha bandari mpya ya Lamu na Sudan Kusini pamoja na Ethiopia kwa barabara, reli na bomba la mafuta, ulizinduliwa mwezi Machi 2012, na gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi Mei 2021. Ili meli kubwa ziingie, sakafu ya bahari ilichimbwa na kina kikaongezwa katika ghuba ya Manda, mahali ambapo wavuvi wa mitumbwi na madau, wanaotumia nyavu, mishipi na madema, walipata hifadhi hasa msimu wa kusi, ambapo bahari iliyo nje ya miamba huwa haiendeki kwa vyombo vidogo. Wavuvi waliyajua mabadiliko kwa vitu wanavyovishughulikia kila siku: maji kuwa na tope, mahali pa kuvulia kufungwa, samaki kuhama na mikoko kukatwa. Walifungua kesi mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za kupewa taarifa, kushiriki, kutunza utamaduni wao na kuishi katika mazingira safi zilikiukwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo ni chombo cha kusikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya NEMA, lilifuta leseni iliyotolewa mwaka 2016 kwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Sababu mojawapo iliyotolewa inagusa kiini cha mada hii: wananchi walikuwa wameitwa mikutanoni mwanzoni, kabla ya utafiti, lakini hawakurudiwa na kuelezwa utafiti umegundua nini na hatua zipi zinapendekezwa. Mtu asiyejua madhara yaliyotabiriwa wala kinga zilizoahidiwa hawezi kutoa maoni yenye uzito leo, na hawezi kuwa mfuatiliaji kesho, kwa sababu hana kipimo cha kulinganishia. Ushiriki kabla ya kibali na ufuatiliaji baada ya kibali ni kamba moja, ikikatwa mwanzo, mwisho wake hauna pa kushikilia.

Mifano hii ikiwekwa pamoja inadhihirisha masharti yanayoufanya ufuatiliaji wa wananchi uwe na nguvu. La kwanza ni kumbukumbu ya hali ya awali, ambayo wenyeji wanaweza kuitoa kwa undani usiopatikana katika ziara ya wiki mbili ya wataalamu, mradi iandikwe na kuhifadhiwa kabla ya ujenzi. La pili ni lugha, kwa kuwa ripoti ya kurasa mia kadhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kuwekwa ofisi ya wilaya haijawafikia watu wa Kwasasi wala wa Kilombero hata kama sheria inahesabu kwamba imechapishwa. La tatu ni fedha na utaalamu vilivyo huru na mwenye mradi, kama Alaska ilivyoonyesha. La nne ni uhusiano wa moja kwa moja kati ya anachokiona mwananchi na hatua za msimamizi: huko Nyamongo, Tarime, wanavijiji wa kando ya mto Tigithe walilalamikia maji yaliyochafuliwa na mgodi wa North Mara tangu mwaka 2009, na miaka 10 ikapita kabla NEMC haijautoza mgodi huo, mwezi Mei 2019, faini ya shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la topesumu, yaani bwawa la kuhifadhia mabaki yenye kemikali ya uchenjuaji wa dhahabu.

Hoja zinazotolewa dhidi ya ushiriki huu zinastahili kujibiwa kwa uzito. Husemwa kwamba mwananchi wa kawaida hana vifaa vya kupima metali katika maji, na kwamba kamati za vijiji zinaweza kununuliwa au kuingiliwa na siasa. La kwanza ni kweli, lakini linadai maabara iwe karibu na mwananchi badala ya mwananchi kuondolewa. Watu wa Owino Uhuru hawakuwa na mashine, walichokuwa nacho ni sababu ya kutafuta mwenye mashine. La pili pia ni kweli, na dawa yake ni uwazi: kamati ndogo inayokutana faraghani na wenye mradi hushawishika kirahisi kuliko mkutano wa watu wote wanaosomewa takwimu zilezile.

Na mkutano huo hauhitaji kubuniwa upya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unaotakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu ili, pamoja na mambo mengine, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Kila cheti cha mazingira kingeweza kuwa na sharti kwamba matokeo ya ufuatiliaji wa mradi yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano huohuo, yakiwa yamewekwa sambamba na ahadi zilizoandikwa katika tathmini, na maswali ya wanakijiji yaandikwe katika muhtasari na kupelekwa NEMC pamoja na ripoti ya mwenye mradi. Hatua hiyo ingegharimu kidogo kuliko kesi moja, na ingewarudishia nafasi yao watu ambao historia imeonyesha mara kwa mara kuwa wa kwanza kuyaona madhara na wa mwisho kuondoka mahali hapo, kwa sababu mshauri ataenda kwenye mradi mwingine na mwekezaji atauza hisa zake, lakini mto, ghuba na udongo vitabaki kuwa vyao na vya watoto wao.